Maloni na Kilioni, Majina ya Mapasa Wangu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimepata majina! Mapasa wetu, pacha wa kiume, wana siku kumi na moja. Wanawake wote wanawaita Kyungu na Kabwe, kama mapasa wote wa kwetu Katanga. Hayo mtoto anakuja nayo, baba hana la kuchagua. Mimi nataka ya Biblia, ya kutangazwa Jumapili Pasta Rabson atakapowaombea kanisani. Tena yawe majina ambayo hayajasikika huku Zambia tangu Puta hadi Mwansabombwe.

Sababu ni Blanchard, ndugu ya mke wangu. Alimwita mwanawe Melkisedeki, na tangu hapo anatembea sokoni kama kuhani ni yeye. Basi nimefungua kitabu cha Ruthu: ndugu wawili, Maloni na Kilioni! Yanapendeza mdomoni. Sikuendelea, boti za samaki zilikuwa zinaingia. Nimempigia pasta, ameyaandika.

Jumanne, 4 Juni
Nimetangaza soko zima. Blanchard amenuna. Kauliza: “Beau-frère, shemeji yangu, ile majina maana yake nini?” Nikajibu, nguvu na baraka. Sijui, lakini jina la Biblia litakuwa na maana gani nyingine?

Jumatano, 5 Juni
Kliniki. Mizani haikusogea. Nesi amesema Ijumaa wakiwa hivihivi, watapelekwa hospitali kubwa Mansa. Fidélie, mke wangu, amelia njia nzima. Mimi nilimbeba Kilioni. Mwepesi mno. Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba! Jirani yetu Mbemba, Mama Olipa, kaleta uji wa karanga kwa mzazi. Nikamtajia majina kwa madaha. Kashika mdomo. Kitabu cha Ruthu anakijua chote, kwa sababu jina lake limetoka humo: yule Orpa, mke wa Kilioni.

“Mayo! Ba Shimpundu, ulisoma mpaka wapi?” Ndivyo Wabemba wanavyomwita baba wa mapasa. Nilisoma mpaka mstari wa pili. Kumbe mstari wa tano wote wawili wamekufa! Na maana yake, walifundishwa kwenye kikundi cha akina mama: Maloni ni ugonjwa, Kilioni ni kudhoofika. Nimewaita wanangu Ugonjwa na Kudhoofika, soko zima likisikia, na mizani haisogei!

Nimemwomba asimwambie Fidélie. Nimempigia pasta afute. Simu imezimwa. Yuko kisiwani Chisenga, anawaombea wavuvi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepanda boti ya kwenda Chisenga, juu ya magunia ya chumvi. Mawimbi. Nimetapika hadi chai ya jana. Katikati ya ziwa tulipishana na boti nyingine, mtu mmoja akanipungia mkono, sikuwa na hali ya kumjibu. Kisiwani nikaambiwa pasta ameondoka asubuhi ile. Alikuwa yeye!

Nimerudi jioni, nimekosa pasta, nimekosa na kliniki. Fidélie kanisukumia kadi ya kliniki. Gramu sabini huyu, gramu sitini yule! Wamepanda! Nesi alikuwa amemwonyesha Jumatano namna ya kuwanyonyesha mmoja mmoja, akianza na aliye dhaifu. Hakuna Mansa. Nimekaa chini mlangoni nikalia, majirani wakitazama. Walie na wao wakitaka.

Jumapili, 9 Juni
Nimemvizia pasta mlango wa kanisa tangu saa moja. Blanchard naye kajisogeza nyuma yangu, masikio wazi. Sikuwa na njia, nimesema kweli yote. Pasta kanitazama kwa huruma. Kasema yale majina hakuwa na nia ya kuyasoma hata siku moja, alikuwa ananingoja nimalize sura.

Kawaombea kama Kyungu na Kabwe. Blanchard kacheka mpaka kakohoa: “Nguvu na baraka!” Acheke. Watoto walilia kwa sauti mpaka kwaya ikapotea wimbo, na mimi sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile. Mzigo umenishuka. Nimekula bukari, ugali wa kwetu, sahani mbili.

Jumatatu, 10 Juni
Wananyonya, wanalala, wananyonya. Mungu ni mwema. Lakini Blanchard bado ana Melkisedeki wake, na hilo siwezi kulivumilia.

Nimepata jozi nyingine. Hofni na Finehasi! Watoto wa kuhani, na wao wenyewe makuhani! Yeye ana mmoja, mimi nitakuwa na wawili. Nimemwambia Mama Olipa aliyekuwa ng'ambo ya ua wetu. Kaangusha beseni lote la samaki, akaanza kunieleza walivyokuwa waovu, na walivyokufa wote wawili siku moja. Nimemwambia hayo yako mbele huko. Mimi nimeishia pazuri.