Fundi Aliyekanyaga Mkeka kwa Viatu

Arua, Agosti 1974

Kwa Bwana Mkubwa wa Umeme wa Mji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na taa zako zikiwaka, maana zangu haziwaki tangu juzi. Fundi wako Silvester amenikatia umeme, na Jumamosi namwoza binti yangu Asiya. Kwa heshima zote naomba umeme urudi na fundi aadhibiwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Silvester aliingia sebuleni na viatu. Viatu vyenyewe vya mpira, vinene, juu ya mkeka ambao mke wangu Kaltumu ameusuka kwa ajili ya harusi! Kwetu kila mtu huacha viatu mlangoni. Nilimwomba avue, akakataa katakata.

2. Alizitukana waya zangu. Eti zimezeeka, mpira umepasuka, na kitambaa kilichozifunika kimeoza. Bwana Mkubwa, nyumba hii nilikabidhiwa mwaka juzi, na Wahindi wenyewe waliofukuzwa nchini waliondoka kwa haraka, hawakupata nafasi ya kunionyesha swichi ipi haishikwi. Tumejifunza wenyewe, kidole kwa kidole. Sasa hata wajukuu wanajua.

3. Alisema friji na ukuta vinarusha watu. Ni kweli, lakini kidogo tu. Shehe Zubeiri, baba wa bwana harusi, alipokuja kuposa alivua viatu kama mtu wa adabu, akashika mlango wa friji, akatoa shahada kwa sauti iliyofika msikitini. Wazee waliokuwepo walisema hawajapata kuona posa yenye uchaji kama ile. Mimi mwenyewe nimechunguza na kuona kwamba umeme wa nyumba hii huwapiga wenye adabu peke yao. Aliyeingia na viatu haumgusi. Je, hilo ni kosa la waya au la dunia?

4. Fyuzi. Zamani ilikatika kila tulipochemsha chai kwa birika la umeme. Nikaing'oa, nikaweka spoku ya baiskeli, na haijakatika hata mara moja. Badala ya kunipongeza, Silvester alishika kichwa, kisha akaondoka nayo. Naitaka spoku yangu.

5. Hili ndilo lililonichoma moyo. Alinusa ukuta wa chumba cha Asiya, akaniambia mbele ya wageni: "Mzee, moto iko ndani ya ukuta. Hii harufu iko mbaya." Nilimcheka. Sisi Wanubi, bibi harusi hukalia dukhani, yaani moshi wa miti ya manukato, mpaka mwili wote unukie. Asiya amefungiwa chumbani wiki nzima, na harufu ya kuungua ilikuwa ikitoka humo humo. Mambo ya wanawake siyaulizi, lakini pua ninayo. Silvester ni mtu wa Ediofe, kule misheni ya Wakatoliki, atajulia wapi dukhani? Kumwaibisha bibi harusi kwa manukato yake mwenyewe ni utovu wa adabu, na ndiyo sababu nataka aje aombe radhi, akiwa miguu mitupu.

Wasalimie wote ofisini, na mama anayewapikia chai. Msalimie na Silvester, ingawa kwa shingo upande.

Ni mimi, raia wako wa gizani,
Ramathan Fadhul

Baada ya sahihi: Nimemsomea Kaltumu barua hii. Ameniuliza, "Baba Asiya, dukhani gani? Miti bado iko Koboko, shangazi yake ataleta kesho." Ndipo nikakumbuka kwamba ile harufu imekoma tangu juzi, tangu umeme ulipokatwa. Kitanda cha mtoto wangu kimeegemea ukuta ule. Bwana Mkubwa, tafadhali usiurudishe umeme. Spoku itupeni. Mtume Silvester aje leo hii, na umwambie viatu asivue.