Mpango wa Upandishaji Endelevu wa Nether Pipley

Kamati Kuu ya Klabu ya Kriketi ya Nether Pipley inayo furaha kuwatangazia wanakijiji wote, pamoja na kondoo wanaokula nyasi karibu na mpaka wa kiwanja, kwamba tatizo la upungufu wa wachezaji limekwisha rasmi. Limekwisha Alhamisi, baada ya chai, kwa kura tano dhidi ya sifuri. Kuanzia wikiendi hii, pengo lolote katika Timu ya Kwanza litajazwa na mtu wa Timu ya Pili. Pengo la Pili litajazwa na Tatu. La Tatu litajazwa na Nne. La Nne litajazwa na nani, waraka haukusema. Karatasi iliisha.

Wilf Garroway, nahodha wa Timu ya Nne, aliusoma waraka huo mara mbili kwenye mlango wa baa, akifuata mistari kwa kidole. Shule aliiacha ana miaka kumi na mitano, akaenda kuziba mashimo barabarani. Lakini mtu aliyeziba mashimo miaka arobaini hulijua shimo akiliona.

"Hawa," akasema, "wanachimba kwangu wafukie kwao."

Mvua ikinyesha Jumamosi, kwa Wilf kosa ni la kamati. Fuko wakifukua kiwanja, kamati. Mkewe Edna aliandika daftari la mabao la Timu ya Nne miaka thelathini na mmoja, na alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi, daktari alisema ni moyo. Wilf alisema moyo ulikuwa mzima mpaka kamati ilipomwamuru anakili upya madaftari tisa kwa wino wa bluu. Tangu hapo Timu ya Nne ndiyo sababu pekee iliyobaki ya Wilf kunyoa ndevu.

Kwa hiyo Ibara ya Tisa ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Timu itakayokosa watu kumi na mmoja, Jumamosi na Jumapili, tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, "itapumzishwa kwa heshima," na kiwanja chake kitakuwa maegesho ya magari.

Ijumaa saa kumi na moja jioni simu ikalia. Alikuwa Bi Philippa Snell, katibu wa klabu, mama aliyependa utaratibu kuliko jamaa zake.

"Hongera, Wilf. Wachezaji wako wawili wamepandishwa Timu ya Tatu."

"Na wale wa Tatu wamekwenda wapi?"

"Timu ya Pili. Maana wa Pili wako Timu ya Kwanza."

"Na wa Kwanza?"

"Wako Ureno, wanamuaga mwenzao anayeoa. Ni mnyororo, Wilf."

"Mnyororo naujua, Bi Snell. Hata mbwa wangu anaujua."

Jumamosi mambo yakazidi. Kiwanja cha chini, cha Timu ya Nne, hakina choo, basi vijana wake wawili wakakatiza kiwanja cha juu kwenda kujisaidia. Hawakurudi. Walinaswa na Ibara ya Nne: mwanachama yeyote mwenye viungo kamili atakayekutwa ndani ya mpaka wa kiwanja saa ya kuanza mchezo, atahesabika amejitolea kucheza hapo. Timu ya Pili, inayoanza saa nzima kabla ya ya Nne, iliwapokea kwa makofi, mmoja bado anafunga zipu.

"Kuanzia sasa," Wilf akawaambia sita waliobaki naye, "mwenye haja aende nyuma ya ua wa miti. Na asikohoe!"

Kisha akatoka kuokota watu. Akampata mama mchungaji Rosalind, aliyekuwa akipalilia makaburi. Akampata tarishi wa posta. Akapata na wanaume wawili walioleta friji mpya ya klabu, wakitafuta mtu wa kutia sahihi.

"Nitatia," Wilf akawaambia, "mkinishikia hapa kidogo."

"Kidogo ni muda gani, mzee?"

"Saa sita."

Akawapa kadi za uanachama papo hapo. Timu ilifungwa vibaya sana, hata hivyo Wilf alirudi nyumbani akipiga mluzi: walikuwa kumi na mmoja mwanzo hadi mwisho. Lakini mmoja wa watu wa friji, akiwa amekinga mkono kuzuia jua, mpira ulimwangukia kiganjani ukakaa, na mpigaji akahesabiwa nje. Kabla ya chakula cha jioni simu ikalia.

"Yule bwana wa friji amepandishwa Timu ya Tatu," akasema Bi Snell.

"Yule hajui hata upande gani wa gongo ndio wa kushika!"

"Kamati imeona kipaji."

Jumapili walikuja wageni kutoka Great Mossop. Wilf alihesabu watu wake, akahesabu tena kuanzia mwisho, lakini kumi hubaki kumi. Mwenzake mtu wa friji alirudi, maana friji haikuwaka. Mama mchungaji alikuja mbio kutoka ibadani, mahubiri ameyakata katikati. Barney Quill, mchinjaji wa kijiji, alikuja na goti lake bovu. Wa kumi na moja hakuonekana.

Aliyeonekana ni mwenyekiti. Bwana Crispin Hathersage, mstaafu wa idara ya mifereji, aliingia uwanjani na nyundo na fungu la vigingi, akaanza kupima maegesho. Nyuma yake alisimama Bi Snell na rejista.

"Wilf, ndugu yangu, usione kama tunakuonea," akasema mwenyekiti, akigongea kigingi. "Huu ni uboreshaji wa matumizi ya ardhi."

"Bi Snell, zimebaki dakika ngapi?"

"Moja. Na mko kumi, Wilf. Pole."

Wilf akakitazama kigingi. Akamtazama aliyekigonga.

"Huyu bwana ana kadi?"

"Namba moja," akasema Bi Snell.

"Mpaka uko wapi?"

"Nyuma yake, hatua arobaini."

"Viungo?"

Bi Snell alimkagua mwenyekiti kuanzia viatu hadi kofia. "Vinaonekana kamili." Akaandika. "Kumi na moja. Hongera, Bwana Mwenyekiti. Umejitolea."

"Philippa! Mimi nimekuja na nyundo!"

"Ibara haikutaja nyundo, bwana."

Wilf akampanga pembeni kabisa, kwenye upupu. Mara mbili mpira uliingia humo, mara mbili mwenyekiti akaufuata akilia kama mbuzi. Mara ya tatu alijitosa bila kuambiwa, akatoka na mpira juu, mashavu mekundu, anacheka. "Mnaona? Mmeona lakini?" Barney akambandika jina palepale: Mwenyekiti wa Upupu. Wakati wa chai alikula sandwichi saba za mayai na kumuuliza kila mtu kama ameona.

Great Mossop walimaliza zamu yao ya kupiga na mbio, yaani pointi, mia moja na kumi na mbili. Wilf alitolewa kwa sifuri, kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya timu za chini zisizopewa mwamuzi, akavaa koti jeupe akawaamulia wenzake. Watu wakatolewa mmoja mmoja. Zikabaki mbio tatu za kushinda na wapigaji wawili wa mwisho: Barney na mwenyekiti. Mmoja akitolewa, mchezo umekwisha.

Hapo Bi Snell akaingia uwanjani na karatasi.

"Timu ya Tatu wana mtu aliyeumia. Barney amepandishwa. Aje sasa hivi."

Wilf akahesabu upesi. Bila Barney wanabaki kumi, na Ibara ya Tisa haina huruma. Alifungua mdomo, lakini alichelewa.

"Hatoki mtu hapa!" Mwenyekiti alinguruma hadi kondoo wakainua vichwa. "Tumebakiza mbio tatu! Mpumbavu gani aliyeandika takataka hii?"

Bi Snell, kwa kuwa ameulizwa, akafunua ukurasa wa mwisho akasoma sahihi kwa sauti: "Crispin Hathersage, Mwenyekiti."

Great Mossop walipiga makofi.

Mwenyekiti akapunga gongo. "Zifute. Ya Nne, ya Tisa, zote."

"Inahitaji kikao, bwana."

"Kikao kimefunguliwa! Wanaokubali?"

Mikono yote ikainuka, ya wageni pia, na ya mama mchungaji ikainuka yote miwili. Bi Snell akahesabu, akapiga mstari, akaondoka kwa hatua za taratibu. Timu ya Nne ilikuwa hai, kwa maandishi.

Mwenyekiti akajipanga, kifua mbele. Mpira ukaja chini, ukamgonga mguu mbele ya vijiti alivyopaswa kuvilinda kwa gongo, jambo linaloweza kumtoa mpigaji. Great Mossop wote wakapiga kelele kumwuliza mwamuzi, na Wilf, taratibu, akainua kidole. Nje.

"Wilf! Mimi ni wa upande wako!"

"Tangu saa saba mchana, Bwana Mwenyekiti," akasema Wilf, kidole bado kiko juu.