Idara ya Kufungua Simu

Ilitangazwa kwa umma wote, redioni na kwa gari la kipaza sauti, kwamba enzi ya simu kufungwa imefungwa rasmi. Kila mwananchi mwenye simu ya zamani inayokubali laini ya kampuni moja tu angehudumiwa na Idara ya Kufungua Simu, chini ya Mkurugenzi mwenye kiti kinachozunguka na mtazamo mpana wa maendeleo.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, na utaratibu aliutunga mwenyewe. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba simu ni yake kwa njia nyepesi kabisa: aipigie Idara kwa simu hiyohiyo. Miezi ikapita, hakuna aliyepiga. Mkurugenzi akaiarifu Wizara kwamba tatizo la simu kufungwa lilikuwa limetiwa chumvi.

Ndipo akaja mama mmoja mshonaji. Simu yake ndogo ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia ikafa palepale, na mdogo wake anayefanya kazi ng'ambo akamtumia ya kwake aliyoichoka. Simu nzuri, kioo kikubwa, lakini kampuni ya huko ilikuwa imeifunga, akiweka laini yake inaandika "Laini haikubaliki." Na binti yake alikuwa mbali, mimba imeshafika ukingoni, hana mwingine wa kumpigia uchungu ukimshika.

Karani wa dirishani aliiomba kampuni ile namba ya kufungulia, ikaja bila shida. Mkurugenzi akaagiza ikae kwenye droo mpaka mama athibitishe.

"Tupigie tu, mama, utapewa namba yako," alimwambia kwa upole.

"Mheshimiwa, ningekuwa naweza kupiga, si ningempigia mwanangu? Nyinyi ningewatafutia nini?"

Mkurugenzi alimwonea huruma kwa kutoelewa kwake mambo ya kitaalamu. Akamfafanulia kwamba simu inayopiga haina haja ya kufunguliwa, na isiyopiga haijulikani ni ya nani, hivyo utaratibu haukuwa na pengo lolote. Mama akamtazama kama anavyotazama suruali iliyoshonwa miguu yote upande mmoja.

Kesho yake alirudi na cherehani, akaiweka kando ya benchi, maana kazi za watu hazingojei. Punde foleni nzima ikawa inapunguziwa viuno na kupandishiwa pindo. Mkurugenzi aliripoti kwamba wananchi wanatoka ofisini wakiwa nadhifu kuliko walivyoingia. Wizara ilifurahi kupita kiasi. Waziri akamtunuku simu aliyokuwa akiitumia mwenyewe katika safari zake za nje, na kumnong'oneza kwamba Jumatatu asubuhi angempigia kumpa ukatibu mkuu. Apokee mwenyewe, asimwachie mtu.

Mkurugenzi akampa shemeji simu yake ya zamani, na Jumatatu, akiwa amenyoa vizuri, akapachika laini kwenye ile ya heshima.

"Laini haikubaliki."

Hakutetereka. Si ana idara nzima? Akashuka hadi dirishani.

"Pole, bosi," alisema karani. "Tupigie kwanza."

"Kwani hunijui mimi?"

"Wewe nakujua, bosi. Simu ndiyo siijui."

Angeweza kuufuta utaratibu, ila alikuwa ameuwekea kifungu kwamba maombi yote ya marekebisho yaletwe kwa simu ya mwombaji mwenyewe. Akaketi kwenye benchi. Mshonaji akamsogezea nafasi, akaendelea na pindo lake.

Simu ya mezani ya karani ikalia. Alikuwa Waziri, amemtafuta Mkurugenzi mpaka amechoka. Karani akasema ukweli, kwamba Mkurugenzi yuko kwenye foleni. Waziri akauliza nani basi anahudumia wananchi. Karani akajibu ni yeye. Waziri akasema kuanzia dakika hiyo Mkurugenzi ni yeye, akakata.

Karani akaweka chini simu, akaufuta utaratibu kwa mdomo tu, pamoja na kifungu chake, akafungua droo na kumsomea mshonaji namba yake. Mama akaibonyeza kwa kidole kimoja. Simu ikawaza, ikakubali, na kabla hajaifuta vumbi la uzi ikaanza kuita.

"Mama, nimekutafuta tangu jana," sauti ya binti ilisikika benchi zima. "Ni msichana. Sote wazima."

Mshonaji akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Hata Mkurugenzi wa zamani alijikuta anapangusa macho, asijue analia kwa lipi.

Mazungumzo yalipokwisha, aliiazima ile simu kwa adabu zote, akapiga ofisini kwa Waziri. Akapokea mwandishi muhtasi.

"Mimi ni Mkurugenzi wa Kufungua Simu."

"Mkurugenzi ameshaongea na Waziri sasa hivi," alijibiwa. "Yuko kazini, anahudumia watu. Wewe una shida gani, baba?"

Akaeleza kwamba simu yake imefungwa.

"Basi nenda pale Idarani," yule dada alimwambia kwa huruma. "Siku hizi wanasaidia kweli. Ila ukafike mapema, kuna foleni."