Kiti Kinachongoja Hati ya Ubora

Serikali ilitangaza, kwa fahari kubwa, kwamba wananchi wamelitumia neno "bora" ovyo mpaka limechakaa. Kuanzia Jumatatu, hakuna kitu ambacho kingeitwa bora pasipo hati ya Idara ya Usimamizi wa Bora.

Mama Viti, seremala mwenye uzoefu wa miaka ishirini, alisoma tangazo mara mbili, kisha akalitazama bango lake: VITI BORA. Mkaguzi alikuwa ameshalipiga alama nyekundu. Asipopata hati ndani ya siku saba, karakana inafungwa.

Alijitwisha kiti hadi idarani, maana mwombaji sharti alete sampuli. Mkurugenzi mwenyewe aliipokea na kuikalia papo hapo, kwa uchunguzi. Kiti chake mwenyewe, kilichonunuliwa kwa zabuni ya serikali, kilikuwa pembeni, kimesimama kwa miguu mitatu na faili nene.

Siku ya pili alikuwa bado anachunguza. Siku ya nne alikuwa ameongeza mto.

Siku ya saba Mama Viti alirudi, naye Mkurugenzi akakohoa kidogo. "Mama, kamati imeketi."

"Imeketi wapi, baba?"

"Hapa hapa. Kamati ni mimi. Kiti ni kizuri, tena kizuri sana. Ila bora ni neno zito, linataka muda."

"Muda gani?"

"Tuseme mpaka nistaafu."

Hasira zilimpanda Mama Viti, lakini sauti hakuipandisha. Alifungua kijitabu cha kanuni alichouziwa mlangoni. "Kifungu cha tisa. Sampuli isiyopata hati irudishwe siku ya saba. Haya, inuka, baba."

Mkurugenzi alikitazama kiti chake cha miguu mitatu kule pembeni, akalitazama lile faili. Mgongo wake ulikuwa umeshazoea raha. Kalamu ikatembea, muhuri ukagonga: BORA, DARAJA LA KWANZA.

Mama Viti aliikunja hati akaitia mfukoni. "Ahsante sana. Sasa inuka."

"Mama, si nimeshakupa hati?"

"Umenipa, Mungu akubariki. Kifungu cha kumi: mtumishi wa idara akikutwa anatumia kitu bora cha mwombaji, hiyo ni rushwa, na kazi hana." Akamgeuzia ukurasa. "Sahihi hii si yako?"

Ilikuwa yake. Alizitia sahihi kanuni zote asubuhi moja, bila kuzisoma.

Mama Viti alijitwisha kiti chake akaondoka, na mto akamwachia. Kumbukumbu za kikao cha alasiri zinaeleza kwamba Mkurugenzi alikiongoza kwa saa tatu akiwa amesimama, kwa hiari yake mwenyewe.