Mate ya Mniko wa Kehancha

Jumatatu, 7 Julai 2025
Maabara, Homa Bay. Mashine ya kusoma umri wa mwili imefika! Profesa Nyasuguta alitueleza. Jeni ni zile zile ulizozaliwa nazo, ila maisha huzibandika alama: moshi, njaa, mawazo. Mashine inasoma alama hizo na kusema mwili umezeeka kiasi gani. Kabla ya kupima wakulima wa tumbaku, tutaijaribu kwa mate yetu wenyewe. Profesa akatania kwamba mwenye mwili wa ujana zaidi ndiye ataongoza kazi ya upimaji kisiwani Takawiri. Kezia anaenda huko. Kezia! Mwenzetu wa maabara, tena wa kwaya ya kanisa letu la Waadventista, ambaye nimekuwa nikimchumbia mwaka mzima bila yeye kujua.

Bravin, mtafiti mwenzangu, alikiangalia kitambi changu, akauliza kama mashine ina nambari za kutosha. Kezia akacheka. Bravin hukimbia kila asubuhi. Mimi hukimbia mvua tu. Lazima nitafute njia.

Jumatano, 9 Julai
Njia imepatikana. Nilitumwa Kehancha kuandikisha wakulima. Nikamkuta mkulima mmoja, Mniko, akitoa majani ya tumbaku kwenye banda la kukaushia. Miaka ishirini na sita! Mabega mapana kama mlango! Nikamwomba mate kidogo. Ya nini? Ya sayansi, nikamjibu. Alikohoa kidogo, nikadhani ni haya, kisha akatema kwa heshima zote. Juu ya kichupa nikaandika: Duke Mochama. Yaani mimi. Nilirudi Homa Bay nikijihisi kijana tayari.

Alhamisi, 17 Julai
Majibu! Profesa aliyasoma mbele ya wote. Kezia, ishirini na tisa. Bravin, thelathini na tatu, akajifanya hajali. Mimi, mtu wa miaka arobaini na moja: hamsini na nane!

Nikasema mashine ni mbovu. Profesa akasema mashine ni nzima. Akanivuta pembeni, akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Duke, jeni zako zimejaa alama za moshi. Umevuta sigara miaka mingapi?"

Mimi! Mwadventista! Hata majani ya chai sigusi! Kezia aligeukia dirisha. Bravin ameniletea kiti. Sasa ananiita sokoro, yaani babu kwa Kikisii.

Jumamosi, 19 Julai
Ibada. Habari ilifika kanisani kabla yangu. Mzee wa kanisa alimwombea ndugu mmoja "anayejaza moshi hekalu la mwili wake". Hakutaja jina. Alinitazama tu. Mashemasi wawili walinikumbatia ili wanuse koti langu.

Baadaye Kezia aliniambia kwa upole kwamba sigara angeisamehe. Uongo, hapana. Nitafanyaje? Nikisema kweli, mimi ni tapeli. Nikinyamaza, mimi ni mvutaji. Chakula cha mchana nilikila bila hamu. Sahani mbili tu.

Jumatatu, 21 Julai
Nimekiri! Nilidhani Profesa atacheka. Hakucheka. Alitaka kujua mate ni ya nani, na huyo mtu anavuta sigara kiasi gani. Tukampigia Mniko simu, sote tukisikiliza.

"Sigara sijaonja hata siku moja, daktari," Mniko akasema. "Labda ni hilo banda. Wakati wa kukausha nalala humo humo nikichunga moto, tangu nikiwa darasa la sita."

Kisha akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu. Akauliza kama kuna ubaya. Nilijisikia vibaya, na kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike nilimsahau Bravin. Profesa alimsihi asilale humo tena, aende Migori apimwe kifua. Halafu akamwomba radhi kwa niaba yangu. Nilipaswa kuomba mwenyewe. Nikaomba.

Sasa utafiti wa wakulima umehamia kwenye mabanda ya tumbaku. Kiongozi: Bravin! Mimi naosha vichupa. Kezia alisema walau nimesema kweli. Walau! Neno hilo nitalala nalo.

Ijumaa, 25 Julai
Mniko ameonwa na daktari. Kifua kitatulia akikaa mbali na moshi. Ameshahama kulala nyumbani kwa mama yake. Namshukuru Mungu, kwa dhati.

Habari nyingine njema! Jumatatu narudia kipimo, safari hii kwa mate yangu mwenyewe, na Takawiri bado haijapata kiongozi. Profesa alieleza pia kwamba mashine inaonyesha kama mate ni ya mwanamume au ya mwanamke, na mambo mengine marefu. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nafikiria.

Kosa langu nimeligundua: nilichagua mtu wa moshi! Dada yangu kule Rangwe ana mtoto wa miezi saba. Hana moshi, hana mawazo, na mate yanamdondoka kutwa nzima bila kuombwa. Nitachanganya nusu yangu na nusu ya mtoto, umri utoke katikati. Kesho baada ya ibada naenda. Mtoto anaitwa Mellen. Msichana mtulivu sana. Safari hii nimefikiria kila kitu.