Babu Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi amenikabidhi wosia wa mzee aliyeanzisha ukoo wetu. Kurasa nne, zimekunjwa kama shati. Kazi yangu: kuchora mti wa ukoo kabla ya mkutano wa Jumamosi. Kwetu mwenyekiti hutoka katika uzao wa mtoto wa kwanza wa mzee, na hakuna anayekumbuka nani alikuwa wa kwanza. Kiti hicho nakitaka tangu nikiwa na nywele. Binamu naye aliomba wosia. Ni karani wa masjala. Anadhani kila karatasi kuukuu ni yake. Nimemuwahi!

Jumanne, 4 Machi
Mwandiko wa mzee ni balaa. Herufi zimelala kifudifudi. Nimeazima kioo cha kukuzia cha fundi saa. Saa mbili nzima, nimesoma maneno sita. Matatu ni “na”.

Nikarukia ukurasa wa nne. Unasomeka! Chini kuna majina manne, yana namba. Namba moja: babu yangu mzaa baba! Wengine watatu siwajui. Labda walikufa wadogo. Babu yake Binamu hayumo kabisa. Maskini, sijui Binamu katokea wapi. Nimecheka hadi mke wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Mkunjo ulio juu ya majina umeanza kuchanika. Nimeubandika selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi. Sasa ni imara.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa mchora mabango. Mti mkubwa, babu yangu shinani. Binamu nimempa kitawi, kwa huruma tu. Mchoraji aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia achore, asihoji.

Jioni Binamu alipita. Aliomba auone wosia japo dakika tano. Nikamjibu kuwa kazi inaendelea. Akamaliza chai yangu vikombe viwili, akasema, “Haya, ndugu mwenyekiti.” Sikupenda alivyolitamka.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi ya kukaa. Mgongo wima, kidevu juu.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu!

Bango likatundikwa, wosia ukawekwa mezani, makofi yakapigwa. Binamu akainuka, akauliza kwa upole mstari ulio chini ya selotepu unasema nini. Nikasema hauna maana. Shangazi akaagiza birika la maji ya moto. Karatasi ikashikiliwa juu ya mvuke, selotepu ikabanduka taratibu. Chini yake: hawa ni mashahidi wangu, si wa damu yangu.

Binamu akaendelea na ukurasa wa pili, bila kioo! Babu yangu alikuwa fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha uani. Mzee ameagiza yeye na kizazi chake wahesabiwe watoto wa nyumba ile, na asiwepo wa kuwaondoa.

Kiti nilishakikosa. Nikaona na ukoo wenyewe unanitoka. Nikachukua kofia yangu. Shangazi akanidaka sikio.

“Unakwenda wapi, wewe? Kaa chini! Hilo tunalijua sote tangu hujazaliwa.”

Nikalalamika kwamba hakuna aliyeniambia.

“Lini ulinyamaza tukakwambia?”

Wakacheka, wengine wakishikilia ukuta. Wosia ulimtaja babu yake Binamu kuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo kiti ni chake. Alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniita ndugu yake. Nilijaribu kununa, nikashindwa. Tulicheza hadi viatu vikatuuma.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Fundi cherehani naye alikuwa na watu wake. Kumbe nina ukoo wa pili, na ukoo huo hauna mwenyekiti!

Nimeitisha mkutano sebuleni. Wajumbe wawili: mimi na mke wangu. Nimegombea bila mpinzani. Kura ya ndiyo, moja. Kura ya hapana, moja. Uchaguzi utarudiwa saa kumi, yeye akiwa sokoni.