Mheshimiwa Kiema Afungua Kliniki ya Macho, Huruma

Nuha ametoka sasa hivi kumziba mzee wa watu jicho moja kwa kiganja chake, hapa kwenye benchi la hospitali ya kaunti, akamwuliza, "Babu, bado unaniona?" Mzee amesema anamwona nusu. Huyu Nuha wangu ana miaka minne, na kwenye weupe wa jicho lake la kushoto kuna kijifuko cha maji, kama tone lililokataa kudondoka. Tukingoja zamu yetu, acha niandike hotuba aliyotupa Mheshimiwa Kiema Ijumaa. Kama kuna chumvi, ni kidogo.

Mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, chifu, naibu wa chifu, msaidizi wa naibu wa chifu, maimamu, wachungaji, wazee wa mtaa, kina mama, vijana, na nyinyi mliofuata soda, hamjambo. (Hatujambo.) Hamjambo tena. (Jua kali.)

Mimi kama Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Macho, Masikio na Mambo Mengine ya Kichwa, nina unyenyekevu mkubwa, na ninajivunia sana huo unyenyekevu, kutangaza kwamba kufuatia public participation, yaani maoni ya wananchi, iliyofanyika ofisini kwangu mlango ukiwa umefungwa, na ziara ya benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, ya siku tisa kule Mombasa, ambako kamati ilijionea yenyewe kwamba watu wa pwani nao wana macho, (Makofi, meza kuu.) tumethibitisha kitakwimu kwamba mkazi wa Huruma ana, kwa wastani, macho moja nukta tisa nane, upungufu ambao serikali hii sikivu haitauvumilia.

(Hodo, muuza viazi karai: "Na hicho kipande kingine kimeenda wapi?")

Kinachunguzwa, mama.

(Hapo nikainua mkono, Nuha kiunoni: "Mheshimiwa, huyu wangu ana kijifuko cha maji jichoni. Jirani mmoja ananiambia nikitoboe, mwingine nikikamulie maziwa ya mama. Nifanye nini?")

Swali zuri, na ni la kimkakati. Limejibiwa katika ripoti ya wataalamu wangu, ambayo muuguzi Jacklyne amenipa sasa hivi, na ambayo nitaisoma neno kwa neno kwa sababu sijaisoma. (Makofi.) "Vijifuko vya aina hii vingi si saratani na haviambukizi. Vingine huisha vyenyewe. Usitoboe kwa sindano, maji hurudi na uchafu huingia. Usitie maziwa wala chai ya rangi. Kikimkwaruza mtoto, daktari atampa matone ya kulainisha jicho. Kikizidi kumsumbua, atamtia dawa asisikie uchungu, akitoe na ngozi yake yote. Lakini kwanza daktari akione, ahakikishe ni chenyewe. Mtoto apelekwe hospitali ya kaunti Jumanne asubuhi, maana hapa hakuna kliniki na hakuna iliyopangwa." Hiyo sentensi ya mwisho tutaifanyia amendment. (Kicheko kirefu. Jacklyne anatazama viatu vyake.)

Sasa semeni pamoja nami: Macho yenu, maono yangu. (Vijana watatu wenye fulana mpya: "Maono yako.") Leo kope, kesho kuona. (Hodo: "Kesho ipi?")

Kwa hayo machache, namshukuru Burale kwa kutuachia uwanja wake wa kuoshea magari hadi saa nane kamili, fundi aliyetuazima jiwe la msingi, ambalo atarudishiwa bila mchubuko, na yule binti wa ofisini aliyekata picha ya kliniki kwenye kalenda ya mwaka juzi, maana bila yeye kliniki hii isingeonekana kabisa. Zaidi ya wote, namshukuru mama aliyeuliza swali, kwa subira atakayokuwa nayo hadi

ngoja, muuguzi wa hapa hospitali ameita "Nuha Idarusi, jicho la kushoto", na Nuha ameshateremka kwenye benchi, anamwambia ndiye yeye, anaingia bila mimi, na mimi hata kalamu sija